Haluli Iliyozidi Kwenye Nyanya za Bi Icilda

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Icilda Brammer amekaa kwenye kigoda jikoni kwake, mjini Mandeville, miguu imezama kwenye beseni la maji ya moto yaliyotiwa chumvi ya haluli, ile iitwayo Epsom. Magoti yamevimba. Anayakanda mpaka maji yapoe.

"Bila chumvi hii sisimami," anasema. "Nina miaka sitini na mbili. Nimechoka, sikufichi."

Kwa miaka thelathini na moja ametunza mawaridi ya Bi Pinnock, mwalimu mstaafu, kwa dola elfu tano za hapa kisiwani kwa siku, ambazo si nyingi, siku nne kwa wiki. Majani yakigeuka manjano, huchanganya kijiko cha haluli kwenye galoni ya maji na kunyunyiza, nayo hurudi kijani. Mtaa mzima umejifunza kwake.

Mwezi wa saba aliona imetosha. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na mashina mia tatu ya nyanya, yamebeba vizuri, na mnunuzi wa hoteli ameshakuja kuyaona. Akampelekea Bi Pinnock barua: mwisho wa Septemba anaacha kazi.

Ikaja wiki ya mwisho ya Agosti. Hapa kila nyumba inaijua wiki hiyo: watoto husafishwa matumbo kabla shule hazijafunguliwa. Bi Icilda aliwanywesha wajukuu haluli, wakagombania choo, kopo likabaki nusu. Akaitazama bustani yake ya nyanya.

"Nikasema, haya, na nyinyi mnafungua shule," anasimulia bila kucheka. Kila shina likapata kijiko kizima, kikavu. Wiki iliyofuata akarudia.

Nyanya zikaanza kuoza matakoni, nyeusi tii.

"Shoga, umeiharisha bustani," jirani yake Alvarine akamtania kutoka uzioni. "Sasa utaifunga nepi?"

Afisa kilimo alikuja, akapasua nyanya mbili, akamwambia taratibu: "Mama, hizi zilikuwa na njaa ya chokaa. Chumvi uliyomimina imezuia hata ile kidogo iliyokuwepo isiingie mizizini."

Mnunuzi hakurudi. Bi Icilda anasema nyanya angeweza kuzisahau. Kilichomnyima usingizi ni ile barua.

Saa mbili asubuhi hiyohiyo yuko kibarazani kwa Bi Pinnock, kofia mkononi. Zimebaki siku nne Septemba iishe.

"Bibi, nimekuja kuulizia nafasi yangu."

"Nafasi gani?" Bi Pinnock anakoroga chai, macho kikombeni. "Barua yako niliichana siku ileile. Mawaridi ya getini yameanza manjano, Icilda."

Anashukuru. Anateremka ngazi moja moja mpaka bustanini, anapiga magoti, na machozi yanamtoka.

"Njia nzima nilikuwa naomba asiwe amempata mtu mwingine," anasema, akijifuta kwa kiganja chenye udongo mwekundu. "Kusikia hata hakutafuta mtu, kama vile barua yangu si kitu, nikaumia. Sijui ndiyo nini hiyo."

Disemba atapanda tena, mashina mia moja tu, na chokaa ataitia shimoni kabla ya mche.

"Zikikubali, naondoka kweli," anasema. "Na sitaandika barua. Nitasimama pale kibarazani, nimwambie, na sitoki mpaka aniangalie."