Tangi la Umm Salal Halikuwa la Busaa

Wanaume wanaoonekana katika ile picha hawanywi busaa, ile pombe ya nafaka ya kwetu. Naanza na hilo kwa sababu najua picha imezunguka. Ilianza Doha, katika simu za watu wa ibada yetu ya kanisa, ambayo huko ni Ijumaa, ikafika Kisumu, na mwishowe ikaingia hadi matangani kwa mume wangu. Huko mtu mzima alimwonyesha mwanangu Marvin na kumwuliza, "Hapa babako alikuwa anauza, ama alikuwa anakunywa tu?"

Marehemu Cornelius Oloo hakuuza wala hakunywa. Alikuwa na stashahada ya ufugaji, na alikwenda Qatar mwaka wa 2008 kusimamia mbuzi na kondoo katika shamba la mtu mmoja huko Umm Salal, kaskazini ya Doha. Mimi nilifundisha sayansi katika shule moja mjini na niliishi Fereej Bin Mahmoud, katika nyumba ya walimu. Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku yetu. Asubuhi nilikwenda ibadani, mchana nikachukua teksi mpaka shambani. Hatukuwa watu wa kujificha, na waliokuwa wakitaka kutuona walijua pa kutupata.

Picha yenyewe inaonyesha wanaume wameketi duara. Katikati yao kuna tangi jeusi la plastiki lililozikwa nusu ardhini, na kifunikoni inatoka mipira myembamba inayopita miguuni mwao. Mtu aliyekulia magharibi ya Kenya hahitaji maelezo. Wanaume duara, chombo katikati, mirija: huyo ameshaona wazee kwenye busaa, na ameshasikia hata nyimbo. Mwarabu akiiangalia anaona pampu ya maji. Mfilipino haoni chochote. Ni sisi wenyewe tuliojitengenezea kesi. Wale wanaume walikaa pale kwa sababu banda la makuti ya mtende lilikuwa juu ya tangi, na hapakuwa na kivuli kingine karibu.

Tangi lilikuwa la gesi ya samadi. Cornelius alichanganya mavi ya mbuzi na maji, akamimina ndani, akafunga hewa isiingie, na tope likaoza polepole na kutoa gesi. Mpira mmoja ulipeleka gesi kwenye jiko la Hannah, mpishi wa wafanyakazi, mwingine kwenye jiko la kuchemshia maji ya kuoshea vyombo vya maziwa, na wa tatu kwenye tyubu za matairi ya lori ambamo akiba ilihifadhiwa. Joto lile la Doha, linalotukausha sisi, ndilo lililolifanya tangi lifanye kazi vizuri. Hannah, ambaye ni Mganda, alikuwa hapo awali akipikia mbao za paleti kila mtungi ulipoisha, na macho yake yalikuwa mekundu daima. Gesi ilipowaka mara ya kwanza alipiga kigelegele. "Ssebo Oloo," alisema, akimwita kwa heshima ya kwao, "sasa mbuzi wako wananipikia!"

Si kila mtu aliyepiga kigelegele. Mitungi ya gesi ilikuwa ikiletwa kutoka mjini kwa pikapu na Ronny, mtoto wa kaka mkubwa wa Cornelius. Ni Cornelius aliyemtafutia kazi pale. Kila mtungi ulipofika shambani, Ronny alikuwa ameshaongeza chake juu, na wafanyakazi walilipa kwa sababu hawakuwa na gari. Baada ya tangi kuanza kazi, hakuna aliyemwagiza mtungi. Nilimwona Ijumaa moja ameegemea pikapu, anatafuna kijiti, macho kwenye ile mipira.

"Baba Mdogo," alimwambia Cornelius, "hii busaa yako itaiva lini? Mimi nimeshaleta mrija."

Wanaume wakacheka. Cornelius naye akacheka. Mimi sikucheka.

"Ronny, mzaha huo usiurudie katika nchi hii," nilimwambia.

"Ah, Mama Marvin! Mwalimu ni mwalimu tu. Si ni jokes?"

Picha ilipigwa siku hiyo hiyo. Nimeiangalia mara nyingi. Ronny hayumo. Mtu asiyekuwa katika picha ndiye aliyeshika simu, au alikuwa amesimama karibu na aliyeshika.

Ramadhani ya mwaka 2013 iliangukia katikati ya kiangazi. Mwenye shamba, tuliyemwita Abu Hamad, aliwafuturisha wafanyakazi na majirani kila jioni, Mwislamu na Mkristo. Masinia ya wali na nyama yalijaa, na mabaki yalikuwa mengi. Cornelius aliagiza mabaki ya wali na mikate yapewe kuku, yasiingie kwenye tangi, kwa sababu tangi la namna ile ni kama tumbo la mbuzi. Ukilijaza vyakula vya wanga kwa mpigo, linachachuka. Agizo hilo alilitoa mbele ya wote. Hannah alilisikia, Ronny alilisikia.

Ijumaa iliyofuata, niliposhuka kwenye teksi, harufu ilinipokea langoni. Kwa muda mfupi nilirudishwa kwetu Kisii, kwenye uga wa jirani aliyekuwa akipika busaa: uchachu ule wa unga na kimea. Nasema ukweli, hata mimi nilijiuliza. Cornelius alikuwa amepiga magoti kwenye mdomo wa tangi, akichota tope kwa kopo. Ndani ya kopo mlikuwa na punje za wali na vipande vya mkate vilivyovimba.

"Nani amefanya hivi?" nilimwuliza.

"Labda mtu hakuelewa," alisema.

"Kamba ya kifuniko hukufunga wewe. Wewe hufungi fundo kama hili."

Alirudi kuchota. Niliangalia huku na huku. Hannah alikuwa akiosha sufuria iliyokuwa safi tayari. Ronny alikuwa kwenye simu nyuma ya pikapu, na aliponiona alikata simu bila kuaga aliyekuwa akizungumza naye.

Kabla jua halijatua gari la Abu Hamad liliingia. Siku za kawaida alianza na salamu, akauliza habari za mbuzi mmoja mmoja. Siku ile alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Alikuwa ameshika simu, na kwenye simu palikuwa na ile picha. Sasa niulizeni: Mwarabu wa Umm Salal, asiyejua busaa ni nini, ataambiwaje kwamba picha ya mipira na wanaume ni picha ya pombe? Lazima mtu wetu alikaa naye akamweleza.

"Cornelius," alisema kwa Kiarabu chepesi ambacho hata mimi nilikielewa, "wananiambia unapika pombe katika shamba langu. Katika Ramadhani."

"Ni gesi, Abu Hamad. Umeiona ikiwaka."

"Niliiona mwezi uliopita. Leo nasikia harufu. Washa."

Cornelius alifungua valvu ya jiko la Hannah. Gesi ilitoka, tuliisikia ikifoka. Akawasha kiberiti, akakisogeza. Kiberiti kilizima. Akawasha kingine, nacho kikazima, kana kwamba mtu amekipulizia. Wenye elimu kidogo wanajua sababu: tangi likichachuka hutoa hewa isiyowaka, hewa ile ile inayotoka kwenye soda. Lakini nani angesimama pale aanze kutoa somo?

"Gesi gani hii inayozima moto?" Abu Hamad aliuliza.

Cornelius alifunga valvu. Ronny alikuwa amesogea, mikono mfukoni. "Pole, Baba Mdogo," alisema kwa sauti iliyokuwa laini mno.

Abu Hamad alisema anakwenda Makka kwa Umra na kwamba angerudi kwa Idi. Ikiwa tangi lingewaka asubuhi ya Idi, yangekwisha. Lisipowaka, Cornelius angepanda ndege, na polisi wangeamua kama atapitia kwao kwanza. "Khalas, basi," alisema, akaingia garini.

Hapo ndipo mume wangu alipokuwa amesimama. Si kazi peke yake iliyokuwa ikining'inia. Nchi ile ikikufukuza kwa pombe, unashuka Nairobi na jina la mpika pombe, na watoto wako wanalirithi.

Siku ya pili nilileta litmasi, karatasi ya kupimia uchachu, kutoka maabara ya shule. Niliichovya kwenye tope, ikawa nyekundu papo hapo. Cornelius aliitazama, akatikisa kichwa. Kwanza tuliacha kulilisha tangi. Tulichota tope chachu, tukalifukia mbali chini ya mitende, tukarudisha mavi mabichi ya mbuzi kidogo kidogo, na majivu ya makaa yaliyochekechwa. Ilikuwa kazi ya kungoja. Ukiharakisha unaliua kabisa. Cornelius alihamisha godoro lake akalala bandani, karibu na kifuniko. Hakusema kwa nini. Mimi nilielewa, na nadhani kuna mwingine aliyeelewa.

Mjini nako hapakuwa na amani. Baada ya ibada, Roselyne, mwimbaji wa kwaya, alinikumbatia muda mrefu kuliko kawaida.

"Dada, tunawaombea. Majaribu ya pombe ni ya wanaume wengi."

"Pombe gani, Roselyne?"

"Basi, dada, mimi nimeona tu picha."

"Umetumiwa na nani?"

"Aki sikumbuki. Zinakuja tu."

Hakuna picha inayokuja tu. Nilimwachia mkono.

Asubuhi ya Idi nilifika shambani mapema. Litmasi ya mwisho ilikuwa imebaki na rangi yake. Tyubu za akiba zilikuwa zimejaa, lakini Cornelius alikuwa hajajaribu kuwasha. Aliogopa, na mimi pia. Abu Hamad alikuja na kanzu mpya, harufu ya udi imemtangulia, na nyuma yake wanawe. Wafanyakazi walisimama mbali kidogo, kama watu waliokuja kuona ajali.

"Washa," alisema.

Cornelius alinitazama, kisha akamwita Hannah. "Jiko ni lako. Washa wewe."

Hannah alikwangua kiberiti, akafungua valvu. Moto ulishika, ukatulia, buluu, bila moshi wala harufu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Hannah aliteleka birika, akatia maziwa, majani ya chai na iliki, na sote tukasimama tukisubiri chai ichemke. Abu Hamad alimiminiwa kikombe cha kwanza. Alikunywa nusu, akampa Cornelius mkono.

"Idi njema. Tafuta tangi la pili," alisema. "La nyumba yangu."

Wafanyakazi wakaanza kusogea kwenye chai. Mmoja akamchokoza mwenzake: "Leta mrija basi!" Wakacheka. Nilimtafuta Ronny kwa macho. Hakuwa kwenye chai. Cornelius naye alikuwa ameondoka, na niliwaona wote wawili nyuma ya banda la mbuzi. Cornelius ndiye aliyekuwa akizungumza. Ronny alikuwa ameinamisha kichwa. Sikusikia neno, ila Cornelius aliniambia yote jioni ile, kuanzia la kwanza hadi la mwisho.

Baada ya Idi, Ronny alihamia Al Rayyan akafanya kazi ya ulinzi. Cornelius aliendelea kuwa msimamizi pale mpaka alipostaafu, na aliondoka kwa mlango wa mbele, akiwa na cheti cha utumishi mwema. Sasa mashemeji wananipigia simu wakitaka kujua Ronny alihama kwa nini, nani aliyemwaga wali ule, na Baba Mdogo wake alimwambia nini nyuma ya banda. Wengine wanauliza kwa huruma. Wengine, sauti zao nazijua, wanataka kupata la kupeleka mbele.

Mume wangu hakupika pombe. Nimelisema. Ya nyuma ya banda ni ya nyumba yetu, na mimi sisemi.