Kitako cha Keki Kilichogoma Kutoka Kwenye Sinia

Miaka ile wakimbizi walipojaa mkoani kwetu, sokoni Ujiji hukukosa maboksi matupu ya mafuta ya kula ya msaada, magumu, hayapindi ovyo. Wenzangu waliyanunua kuwashia moto. Mimi niliyanunua kukatia vitako vya keki, vile vibao vya kukalishia keki, na mama mkwe wangu aliona huo ndio mwanzo wa wazimu.

Kazi yenyewe nilifundishwa na jirani yetu pale Buzebazeba, mama aliyekimbia vita Uvira akavuka ziwa na watoto wawili na bomba lake la kupambia keki. Somo la kwanza halikuwa unga wala mayai.

"Maman, pima kwanza sinia," aliniambia. "Kitako kikuwe kidogo, uache vidole viwili kila upande. Sivyo, mikono itapita wapi?"

Niliitikia kama mtu aliyeelewa.

Kisha wifi yangu wa mwisho akachumbiwa, akataka keki yangu. Mama mkwe alikubali shingo upande. "Ukituaibisha," alisema, "Jumatatu unarudi kuuza dagaa. Dagaa hawahitaji maua." Mimi dagaa nilikuwa nimewachoka hadi kwenye ndoto.

Basi nikachukua sinia lake kubwa kuliko yote, alilorithi kwa mama yake. Nikakata maboksi mawili, nikayagandisha kwa uji wa ngano, nikayafunika karatasi ya kung'aa. Kitako kikaingia kwenye sinia barabara, hata sindano haipiti. Nilijisifu mwenyewe. Kumbe nilikuwa najichimbia shimo.

Siku ya harusi wanawake waliipokea keki kwa vigelegele, wakaicheza mtaa mzima ikiwa kichwani kwa shangazi mmoja. Jua likafanya kazi yake. Sukari ya mapambo ikateremka, ikajaza ukingo wote wa sinia, ikaganda.

Tukafika penye sherehe. Wapishi wakaja kudai sinia, maana ndilo lililotengwa kwa pilau ya bwana harusi na wenzake. Tukajaribu kuitoa keki. Vidole havikupata pa kushika. Tukaleta kijiko, kikapinda. Mtu akashauri tuipindue, nikamtazama kwa jicho ambalo hadi leo naliombea msamaha. Harufu ya dagaa niliisikia palepale, ingawa hawakuwapo.

Mama mkwe akaja, akatazama sinia, akanitazama mimi. Kisha akaenda kwenye zawadi za binti yake, akatoa beseni jipya la plastiki, la bluu, akawapa wapishi.

"Sinia leo ni la keki," akawaambia. "Kwetu ndivyo tunavyofanya."

Haikuwa kweli hata kidogo. Lakini bwana harusi alikula pilau kwenye beseni la kufulia bila kunung'unika, na wageni wa upande wake, waliotoka Simbo, wakarudi kwao wakieleza kwamba watu wa Ujiji keki hawaitoi kwenye sinia.

Jumatatu akaniita uani. Nilikwenda nikiwa tayari kwa dagaa. Nikamkuta ameketi kwenye mkeka na boksi alilonunua mwenyewe, mkasi, na lile sinia, ambalo lilikuwa limelowekwa siku nzima ndipo likaachia.

"Kata," alisema. Akaingiza vidole vyake viwili kwenye ukingo wa sinia, vinene, vyenye makovu ya visu vya samaki. "Na hivi vipite."

Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Mpaka leo nakata kwa kipimo cha vidole vile.