Kitanda Nilichokipaka Kijani

Nilijua kitanda kile kilikuwa cha nini. Naanza hapo kwa sababu walionihurumia baadaye walipenda kusema kwamba mzee hakujua, mzee alidhani ni mbao kuukuu tu. Nilijua tangu utotoni. Kilikuwa kitanda cha kuoshea maiti, cha wanawake wa mtaa wetu wa Kibokoni, na mama yangu ndiye aliyekitunza. Akifa mwanamke katika nyumba yoyote ya jirani, hodi ilibishwa kwetu. Kitanda kilitolewa, kikaenda kufanya kazi yake, kikarudi kimeanikwa, kikasimamishwa ukutani katika chumba cha ndani na kufunikwa mkeka. Kilikuwa cha mti wa mbambakofi, kirefu kuliko vitanda vya kulalia, na miguu yake ilikwenda juu ili waosha wasiumie migongo. Katikati palikuwa na fito zilizoachana maji yapate kupita. Hakikuwa mali yetu. Kiliwekwa wakfu na bibi mmoja ambaye hata mama hakuwahi kumwona.

Mama mwenyewe alioshewa juu yake. Dada yangu mkubwa, aliyejifunza kuosha kwa kusimama nyuma ya mama na kata ya maji mkononi, alikuwa ameolewa akahamia ghorofani huko Makupa, ngazi nyembamba, kitanda hakipandi. Akaniambia, "Kikae kwako." Nikasema kikae. Halafu msikiti ukapata meza ya chuma yenye bomba lake, watu wakazoea kupeleka maiti wao huko, na hodi za kuomba kitanda zikakoma.

Mke wangu alipotangulia, nilibaki na nyumba iliyonielemea. Kuta zetu ni za mawe na chokaa, hutoa jasho la chumvi, na rangi ilikuwa ikibanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Binti yangu aliye Nairobi akawa ananiletea video kwenye simu: watu wanachukua kabati bovu, wanalipiga msasa, wanalipaka rangi, mara linakuwa kama limetoka dukani. "Baba, jishughulishe," akasema. Nikajishughulisha. Pensheni ya karani wa bandari hainunui makochi, lakini brashi na msasa inanunua. Nilikwangua sebule, nikaipaka kijani kibichi. Mbao za kubebea mizigo, zile zinazotupwa huko upande wa Kibarani, nilizifanya meza. Chupa zikawa taa. Pazia la marehemu nikalishona foronya za mito. Majirani walikuja kutazama, wakapiga picha, nami nikavimba kichwa. Kilichokosekana kilikuwa kiti kirefu cha wageni, na kila nilipopita chumba cha ndani niliiona ile miguu iliyokerezwa ikitokeza chini ya mkeka.

Nilijipa sababu. Hakuna anayekiomba. Mbao zitaliwa na mchwa. Kitu kilichooshwa mara nyingi vile hakina uchafu. Sikumuuliza dada, kwa kuwa jibu lake nilikuwa nalo tayari.

Nilikitoa uani baada ya adhuhuri, saa ambayo Kibokoni hufunga madirisha na vichochoro hubaki na jua peke yake. Nilipima, nikatia msumeno upande wa miguuni ili kiwe na urefu wa kochi. Mbambakofi ni mti mgumu. Nilitarajia vumbi na jasho. Lakini mti haukutoa harufu ya mti. Ulitoa karafuu maiti, ile kafuri tunayowatilia wafu kabla ya sanda, kali na baridi, kana kwamba kopo limefunguliwa wakati ule ule puani mwangu. Nilisimamisha msumeno. Harufu ikasimama. Nikaendelea, nayo ikaendelea. Nilipomaliza, mikono yangu ilinuka hivyo hadi siku ya pili, na wali nilioula ulikuwa na ladha ile.

Kile kipande nilichokikata nilikigeuza rafu ya vikombe, miguu yake nikaihamishia kwenye kiti. Mgongo wa kiti niliutoa kwenye mlango wa kabati la zamani. Nilinunua sponji na kitambaa cha mauamaua. Upande wa rangi nilibana matumizi: badala ya rangi ya mafuta nilitumia ile ya maji iliyobaki nilipopaka sebule, nikaizidishia maji ienee. Mti uliinywa. Nilipaka, asubuhi nikakuta umeimeza, nikapaka tena. Kila mara ulitaka zaidi, kama ardhi iliyokaa kiangazi. Miguu sikuifupisha kwa kuwa ilikuwa mizuri, na hilo nalo lilikuwa kosa, maana kila aliyekaa pale miguu yake ilining'inia hewani kama ya mtoto.

Si kwamba walikaa wengi. Kina mama wa mtaani walikuja, wakasimama mlangoni, wakasema "Mashaallah, umefanya kazi," kisha wakaketi chini mkekani. Hakuna aliyewaambia kitu. Mmoja aliyekuwa akiniletea mahamri alianza kuyaachia kizingitini.

Aliyekaa ni mpangaji wangu wa juu, kijana wa bara, Mkristo, afanyaye kazi bandarini kwenye makreni. Yeye alijitupa kwa furaha siku ya Jumapili akitoka kanisani, suruali yake imepigwa pasi.

"Mzee, hii ndiyo kazi! Watu wa town wanauziwa hii bei ya ng'ombe."

"Kaa, kaa."

Alikaa tukazungumza. Alipoinuka alijishika nyuma, akageuka kuitazama sponji.

"Mzee, hii kiti yako imenilowesha."

"Haiwezekani. Mvua haijanyesha wiki nzima."

"Basi ni mimi nimejikojolea kwa furaha," akasema, akacheka. Kisha akainama, akabonyeza mto kwa kiganja, na maji yakatoka kati ya vidole vyake. Akaacha kucheka. "Na ni ya baridi, mzee. Kwani uliiweka kwa friji?"

Nilimwambia ni upepo wa kusi, hewa ya chumvi, mbao za zamani huvuta unyevu. Inawezekana ni kweli. Mti ule ulikuwa umekunywa maji kwa umri wa watu wengi. Niliianika sponji juani, ikakauka, nikairudisha, na baada ya siku chache ikawa vile vile, siku zote katikati, mahali pa mgongo wa mtu.

Tena kulikuwa na milio. Mbao hulia zikipata joto, nalijua hilo, dari yetu ya boriti hulia kila mchana. Lakini kiti kilikuwa na utaratibu. Baada ya adhuhuri, mtaa umenyamaza, ungesikia mlio upande wa kulia, taratibu, kama uzito unaoinuliwa kwa uangalifu. Kimya. Kisha upande wa kushoto. Kisha kimya kirefu. Maiti huoshwa ubavu wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Nilianza kutoka nyumbani saa hiyo, nikajifanya napenda kuketi msikitini.

Dada yangu alikuja na tuktuk bila kunipigia simu. Sikuwa nimemwona miezi, na nilipomfungulia mlango nilimsalimu kwa sauti kubwa ili nisionyeshe nilivyoshtuka. Buibui lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari.

"Masalkheri, dada."

"Masalkheri. Mbona wapiga kelele? Mie si kiziwi, mie mgonjwa tu." Akaingia, akaangaza kuta. "Umepaka. Nyumba imekuwa kama hoteli. Wageni walipa?"

Kabla sijamletea kiti kingine, alikuwa ameshakaa pale. Miguu yake haikufika chini. Aliitazama ikining'inia, akaitikisa kidogo. Mkono wake ulishuka chini ya kitambaa, ukapapasa ubao, ukatulia.

Akaniambia ugonjwa ulikuwa tumboni, na kwamba madaktari wameacha kumpa tarehe za kurudi. Alisema kama anayetaja bei ya samaki. Kisha akasema alilojia.

"Sikiza. Mie sitaki kupelekwa kwenye lile chuma la msikitini. Nimewaosha watu juu ya kitanda cha mama, na mama nimemwosha pale pale. Nami nataka hapo. Niletwe hini nyumba, chumba cha ndani. Kitanda kiko wapi?"

"Kiko ndani," nikasema. "Kimefunikwa."

Harufu ya karafuu maiti ilikuwa imejaa sebuleni kuliko siku zote, nami nikasema, bila kuulizwa, kwamba nimetia dawa ya mende.

"Haya," akasema. "Basi kifunue kipate hewa."

Alipoondoka niliushika mto. Ulikuwa mkavu kabisa. Ulikuwa na joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Siku ya pili nilianza kukivunja. Kutengeneza kulinichukua wiki chache, lakini kukirudisha kulikuwa kitu kingine. Nilivua sponji, nikang'oa mgongo, nikashusha rafu ya vikombe kwa kuwa ndiyo iliyokuwa upande wa miguuni. Nilipolinganisha vipande viwili, havikukutana sawa; msumeno ulikuwa umekula njia yake. Niliunga kwa vyuma na parafujo pande zote. Rangi niliipiga msasa mpaka vidole vikatoka damu. Kwa juu ilitoka. Ndani ya vinyweleo vya mti na kwenye nakshi za miguu kijani kilibaki kama ukungu. Nikakwangua kwa kisu. Mwisho niliona mti tu, nikajiambia umetosha.

Katikati ya kazi hiyo nilikwenda Makupa kumwambia. Alikuwa amelala dirishani, malori yakinguruma chini barabarani, binti yake akimpepea.

"Dada, kile kiti ulichokalia..."

"Najua. Nilikikalia."

"Mbona hukusema?"

"Weye ndiye uliyekuwa na la kusema." Akafumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kuinuka. "Kitakuwa tayari?"

"Kitakuwa tayari."

"Fanya upesi. Mie sina subira ya ahadi za mafundi."

Binti yake akacheka huku akilia. Mimi sikuweza lolote kati ya hayo mawili.

Kilikuwa tayari, kwa macho. Alifariki alfajiri, na kabla jua halijapanda walikuwa wamemleta. Wanaume tulikaa barazani nje. Wanawake waliingia naye chumba cha ndani, kiongozi wao akiwa yule jirani wa mahamri, ambaye alipita kando yangu bila kunitazama. Nilisikia ndoo. Nilisikia maji ya kwanza, na masikio yangu yote yakawa kwenye ule muunganiko wa vyuma, je, utashika? Ulishika. Nikashukuru. Mpangaji wangu, aliyekuja na kofia mkononi, alikuwa amekaa nami, na ndiye aliyetangulia kutazama chini.

Maji ya chumba cha ndani hutokea kwenye mfereji wa kichochoroni, mbele ya baraza. Siku zote huwa na weupe wa sabuni au hayana rangi. Yale yalitoka kijani. Si kijani cha majani ya mkunazi yaliyopondwa, yale ya kuoshea maiti; kile tunakijua, ni kizito na cha udongo. Hiki kilikuwa kijani cha sebule yangu. Kilipita mbele ya miguu yetu taratibu, na wanaume mmoja mmoja wakavuta viatu vyao nyuma. Wote walikuwa wameingia nyumbani kwangu. Wote walikuwa wameitazama rangi ile na kuisifu. Mpangaji wangu, ambaye kwa kawaida hakosi mzaha, alitazama ukuta wa mbele.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Jirani alisimama ndani ya kivuli, mikono imelowa hadi viwikoni.

"Maji," akaniambia. "Lete maji. Mengi."

"Kimeharibika?"

"La, kitanda ki kizima. Rangi imeyeyuka kwa maji moto. Imemshika mgongoni."

Nilibeba ndoo. Vijana walitaka kunipokea, nikakataa. Nilijaza bombani, nikaweka kizingitini, mkono ukatoka ukachukua, ndoo tupu ikarudi. Sikuvuka kizingiti na sikuona kitu. Nilisikia tu akigeuzwa, kulia, kisha kushoto, na tena kulia, kwa zaidi ya ilivyopasa, kwa ajili yangu. Mfereji ulibaki kijani, kisha ukapauka, kisha nikawa sijui kama naona rangi au ni macho yangu tu. Jirani akatokea tena. Safari hii alinitazama.

"Yametoka meupe," akasema.

Tukamzika alasiri.

Kitanda nimekirudisha chumba cha ndani, na hodi hazibishwi, nami simlaumu mtu. Mara kwa mara, baada ya adhuhuri, nakilaza, nachemsha maji, nakimwagia kuanzia kichwani, nakisugua kwa brashi ngumu. Hakuna rangi juu yake inayoonekana. Nimemwita hata mpangaji atazame, naye ameapa kuwa haoni kitu. Kisha natoka kichochoroni kuangalia mfereji. Mwanzo maji huja safi. Nangoja. Halafu kijani huja.