Ngozi ya Tandiko

Ukanda wangu wa kunolea wembe ulikatika asubuhi ya Ijumaa, watu wanne wakiwa barazani wananisubiri niwanyoe kabla ya sala. Nilikuwa kinyozi Temeke, enzi ya Mwingereza, miaka ile vita vilipokwisha na vitu vilikuwa bado havijarudi madukani. Siku ile nilinoa kwenye kiganja cha mkono, nikawakwaruza watu wa Mungu mashavu, nao wakasema ahsante kwa adabu tu.

Kinoo huupa wembe makali, lakini ukanda wa ngozi ndio unaoyalainisha, na mteja halijui hilo mpaka siku ukanda unapokosekana. Nilihangaika wiki mbili. Ngozi ya ng'ombe niliyoipata ilikuwa kavu na ina mikunjo, wembe ukirukaruka juu yake. Ndipo jirani yangu mmoja, mpishi wa Mzungu kule Uzunguni, akaniletea kipande cha tandiko bovu la farasi lililotupwa. Ilikuwa ngozi laini, pana kama viganja viwili. Kuuliza si ujinga, nami sikuuliza. Nilikuwa nimechoka mgongo, nimechoka miguu, nimechoka kuomba radhi kwa kila shavu ninalolitoa damu.

Niliiosha, nikaipigilia misumari kwenye ubao ikiwa bado na unyevu ili ikauke imenyooka. Nikaikwangua kwa kipande cha chupa. Nikaikata mkanda, nikashona pete ya chuma kichwani kwa uzi wa katani, nikaitundika kwenye nguzo ya baraza. Kisha nikaipaka mafuta ya nyonyo kidogo kidogo, nikiyasugua kwa kiganja kila alfajiri mpaka yakaingia. Wembe huvutwa mgongo ukitangulia. Ukitanguliza makali utakata ngozi na kazi yote itakwenda bure. Nilipojaribu kwenye mkono wangu, nywele zilidondoka bila mimi kusikia kitu.

Sijawahi kuwa na ukanda mzuri kama ule, kabla wala baada. Watu walisinzia kitini. Walitoka hata Mtoni kuja kwangu, na mimi, nisiseme uongo, nikaanza kuringa.

Kila Alhamisi nilikwenda nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa kuli bandarini. Kifua kilikuwa kimemmaliza, hata kichwa hawezi kukiinua. Mkewe alishika bakuli la maji, mimi nikamnyoa polepole, naye akishanyolewa hupata usingizi wa saa nzima bila kukohoa. Tuliendelea hivyo mpaka akafa, tukamzika.

Mwezi mmoja baada ya maziko, uzi wa ile pete ulilegea, nikampelekea fundi viatu aushone upya. Alikuwa Mkristo, mtu wa bara, mpole. Aliuinua ukanda kwenye mwanga, akaugeuza.

"Kaka, hii ngozi umeipata wapi? Nzuri sana."

"Ya tandiko la Mzungu. Ng'ombe wao wazuri."

"Hii si ng'ombe. Tazama vitundu vya manyoya. Vitatu vitatu, kama mafiga. Hii nguruwe, kaka."

Alisema kwa kuisifu. Mimi nikaketi kwenye boksi lake la misumari. Vitundu vile nilikuwa nikiviona kila alfajiri kwa miezi mitatu, nikivisugua kwa mkono wangu mwenyewe.

Ningeweza kunyamaza. Fundi hakuwa mtu wa maneno. Lakini niliona haya na niliogopa, vyote kwa pamoja, nikaenda kwa mwalimu wa chuo chetu cha Kurani. Naye pia nilikuwa nimemnyoa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo?"

Nikamweleza. Alijipapasa kidevu.

"Kikavu kwa kikavu hakina neno, najisi haihami bila unyevu," akasema. "Wembe ulikuwa mkavu?"

"Mkavu."

"Na ngozi? Uliitia mafuta?"

Niliinamisha kichwa. Laiti ningekuwa mvivu! "Niliitia, mwalimu. Kila siku."

Akashusha pumzi. "Hukujua, kwa hiyo dhambi huna. Ukanda uchome. Nyembe zioshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Na uwaambie watu, wapate kujitwaharisha."

Nilipita nyumba kwa nyumba siku tatu, jua likinichoma, nikisema maneno yale yale mpaka yakakosa ladha mdomoni. Wengine walicheka. Mmoja alinifungia mlango, na wateja wa Mtoni sikuwaona tena. Nilikubali. Kila nilipotoka mlangoni kwa mtu nilihisi nimepungukiwa na uzito kidogo, na hiyo ndiyo raha pekee niliyoipata.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya yule mzee. Mjane alikuwa ndani ya eda, haonani na wanaume, basi kaka yake aliniketisha ukumbini na mimi nikasema na pazia.

"Pole, dada. Nimekuja kukwambia neno juu ya marehemu."

Nikamwambia lote, ukanda, mafuta na vitundu. Pazia halikutikisika. Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia.

"Nimesikia, kaka," akasema. "Waosha maiti walimwosha vizuri, maji mengi. Hilo namwachia Mungu."

"Naomba radhi."

"Radhi nimekupa. Lakini mie nina miezi mitatu mingine ya kukaa humu, sina kazi ila kuwaza. Nilikuwa nikiwaza zile Alhamisi anavyolala akishanyolewa. Ndilo jambo moja zuri la ugonjwa ule. Sasa nitawaza nini?"

Kaka yake alikohoa, akatazama sakafu. Niliaga, nikashika njia ya kwangu, miguu mizito.

Mwalimu aliniagiza niwaambie watu wapate kujitwaharisha. Yule mzee alikwisha oshwa na kuzikwa, hakuwa na la kutwaharisha. Kwa mkewe hakuna aliyenituma. Nilikwenda ili mimi nipate kulala.