Wegesa Analia Kama Mbwa ili Mbwa Wasiume

Watoto wa mbwa wa kijiji hiki wanauma watu. Tangu Agosti, watu walipohamia hapa Nyambureti na nyumba kupangwa mistari, watoto sita wameng'atwa na mzee mmoja ametobolewa kiganja. Mkutano wa kijiji umekata shauri: mbwa akimtoa mtu damu, anauawa siku hiyohiyo.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi moja ya Novemba 1974, Wegesa Mniko anainama na kuingia kwenye boma dogo la miiba nyuma ya nyumba yake. Ana miaka hamsini na miwili na ni mjane. Ndani anasubiriwa na mbwa mmoja tu, wa rangi ya majivu, wa miezi minne hivi. Anaitwa Kibiriti.

Wegesa anakaa chini na kumpa mkono wa kushoto auchezee. Kibiriti anaurukia, anautafuna, kisha anabana meno kwa nguvu.

Wegesa analia. Ni kilio chembamba na kikali, kama cha mbwa mdogo aliyekanyagwa. Halafu anamgeuzia mgongo, anajifunika shuka kichwani na kunyamaza kimya, kama mtu aliyeondoka.

Kibiriti anabaki ameduwaa. Anazunguka. Anaikwaruza shuka. Mwisho anakuja polepole na kulamba vidole vya Wegesa, naye anafunua uso na mchezo unaanza upya. Safari hii meno yanagusa ngozi tu.

"Umeanza tena, Mama Ryoba?" anauliza jirani yake Bhoke kutoka upande wa pili wa miiba. "Hata mwanangu alipozaliwa hakulia hivyo."

"Wako alikuwa na mama," anajibu Wegesa bila kugeuka. "Huyu hana."

Hapo ndipo tatizo lote lilipo. Siku ya kuhama, lori lilikuwa na nafasi ndogo na haraka nyingi. Watu walipakia mitungi, kuku, mawe ya kusagia, na watoto wa mbwa ndani ya vikapu. Mbwa wakubwa waliachwa wafuate kwa miguu. Wengi hawakufuata.

Watoto wale walikuwa hawajafikisha hata mwezi mmoja. Mbwa mdogo anajifunza uzito wa meno yake kwa mama yake na ndugu zake. Akibana sana, ndugu analia na mchezo unakwisha, au mama anasimama na kuondoka na maziwa yake. Wa hapa hawakupata somo hilo. Na kule walikotoka, nyumba zilikuwa mbalimbali, hivyo mgeni aliyeumwa alionekana amejitakia. Hapa mlango unatazamana na mlango, na mtoto wa jirani anapita barazani kwako mara kumi kwa siku.

Watu walijaribu njia wanazozijua. Wapo waliowapaka mbwa pilipili mdomoni, na wapo waliowachapa fimbo ya ng'ombe. Wegesa anasema mbwa wa namna hiyo anajifunza kuogopa mkono, na mkono anaouogopa atauuma siku moja bila hata kuunguruma kwanza.

Njia yake aliiona kwa mbwa wake mwenyewe, Sigara, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya ncha nyeupe ya mkia wake mweusi. Sigara alizaa mara tano mbele ya macho yake. "Sikusomea popote," anasema. "Nilikaa nikimtazama mama anavyofundisha."

Sigara alikuwa mbwa wa marehemu mume wa Wegesa, ambaye alimfundisha jambo moja kubwa kuliko yote: watu wote wakitoka nyumbani, yeye abaki langoni mpaka warudi. Mumewe alikufa mwaka juzi. Somo halikufa.

Siku ya lori, Wegesa alibeba kikapu chenye watoto watatu wa Sigara. Aliamini mama atafuata harufu ya wanawe. Sigara aliandamana nao akinusa kikapu mpaka langoni, akasimama. Wegesa alimwita. Mbwa alitikisa mkia, akalia kidogo, kisha akalala pale penye lango, uso ameuelekeza barabarani.

"Nilijua alichofundishwa na bado nikadhani atakuja," anasema Wegesa, akiitazama njia ya kuelekea mahame waliyoyaacha. "Sikumlaumu. Alikuwa anafanya kazi yake. Sisi ndio hatujarudi."

Ni mwendo wa saa nne kwa miguu. Mara tatu ameomba ruhusa kwa balozi wake wa nyumba kumi, Mzee Stanslaus, na mara tatu amekataliwa. Wanaorudi kwenye mahame hushukiwa kuwa wanataka kuhamia huko tena. Mogesi, anayeruhusiwa kwenda huko kukata nyasi za kuezekea, alimletea habari. Mwezi wa kwanza baada ya kuhama alimwona Sigara langoni, amekonda. Mwezi wa pili alimwona tena, hakunyanyua kichwa. Safari ya mwisho aliona lango tu.

Watoto wawili wa Sigara waliuawa wiki ya tatu, kabla Wegesa hajajua la kufanya. Baada ya hapo ndipo alipoanza kulia bomani. Majirani walicheka, kisha wakaanza kumletea mbwa wao. Malipo ni kuku mmoja kwa mbwa mmoja, na asiye na kuku huleta debe la mtama akivuna. Mbwa wanane wamerudi kwao na hakuna aliyeuma mtu.

Kibiriti, mtoto wa Sigara aliyebaki, ndiye mgumu kuliko wote. Wiki iliyopita alimshika mguu Gati, binti wa Bhoke mwenye miaka saba. Damu haikutoka, alama zilibaki. Balozi alitoa siku saba mbwa afunzike, la sivyo auawe, na leo zinakwisha.

Saa nne Mzee Stanslaus anafika na rungu lake. Kiganja chake cha kulia bado kina kovu, maana mzee aliyetobolewa ni yeye. Wegesa anamwamkia shikamoo na kumpa kigoda. Hataki kukaa.

"Nataka mkono wa mtoto," anasema. "Wako amekwisha kuuzoea."

Bhoke anasita, halafu anamwachia Gati. Binti anaingia akiwa na tonge la ugali, anachuchumaa kama alivyoelekezwa na kufungua kiganja. Kibiriti anakuja mbio na mdomo unafunika vidole vyote.

Gati anatoa kile kilio chembamba. Amekisikia kila asubuhi kwa zaidi ya miezi miwili.

Mdomo unafunguka. Kibiriti anarudi nyuma hatua moja, anakaa, kisha anasogea taratibu kulamba ugali ulioanguka. Stanslaus anakigeuza kiganja cha mtoto huku na huku. Hakuna alama.

"Basi," anasema, na kuweka rungu begani. "Na wewe, Jumatatu nenda huko mahame kwako. Jioni nikuone hapa."

Wegesa ameshaandaa kamba na kibuyu cha maziwa. Amepanga kumchukua Kibiriti, ili Sigara akiwapo amnuse mwanawe na akubali kutoka langoni.

Mbwa waliopita mikononi mwa Wegesa tangu kuhama ni kumi na mmoja. Tisa wako hai. Wawili waliuawa, wote wa Sigara. Vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Wegesa havikunjiki tena. Na tangu Sigara alale langoni, siku tisini na nne.