Shamba Ndani ya Laptopu

Kila laptopu anayoletewa dukani, mama mmoja huiwekea kiganja chini kwanza, kama anayempima mtoto homa. Muuzaji ameshachoka.

"Mama, hii inabeba hata michezo mizito!"

"Mizito ya nini, mwanangu? Mimi nalima tu."

Shamba lenyewe limo ndani ya mchezo. Analilima na mwanawe aliye ng'ambo, asiyepiga simu ila hakosi kupalilia. Laptopu yake kuukuu ni ya mfumo mwingine wa uendeshaji, tofauti na hizi za dukani. Akihama, shamba litamfuata? Kwenye hii mpya anaandika nywila ya mchezo kwa kidole kimoja, akiinong'ona herufi kwa herufi, na muuzaji anajifanya hasikii. Shamba linafunguka. Anarekebisha miwani, analitazama zizi.

"Ng'ombe wamelishwa leo, na si mimi niliyewalisha," anasema polepole. "Haya, nifungie hii hii."