Mawe ya Ngazi ya Juu

Jana mjukuu wangu Thureya alifungua chupa ya siki ya zabibu hapa jikoni kwetu Sib, pwani ya Omani, na kabla hajaimimina kwenye samaki mie nshajua imetoka wapi. Harufu yake inaingia puani kwa ukali, halafu inatulia, inabaki kama jiwe lililopigwa na jua likamwagiwa maji. Siki ya bondeni haina hiyo. Ya bondeni nzito, tamu-tamu, basi. Msinambie siki ni siki. Mie shule sikukaa, lakini pua nnayo.

Nilikuwa mtoto wa kung'oka meno tulipotoka Unguja. Baba alipata kazi Maskati, akatuacha mlimani, Jabal Akhdhar, kwa ami yake, Ami Nasor. Huko mashamba hayalali chini kama mashamba ya watu. Yamepandana kama ngazi, kila moja limezuiwa kwa ukuta wa mawe, na ukikohoa vibaya unaangukia kwa jirani. Ami akampa mama ngazi ya juu kabisa, ile isiyotakwa na mtu: mizabibu michache mikongwe, na mawe bapa ya kijivu yametanda hata udongo huuoni.

"Zuwena," akamwambia, "nletee mtungi mmoja wa siki ya kuliwa, ngazi hii yako. Ukishindwa naichukua, nawe utakwenda kumpikia mke wangu."

Mama hakuwa mwanamke wa kukaa jikoni kwa wenziwe. Akafanya alilolijua. Kwao Unguja shamba zuri ni udongo mweusi, laini, mguu unazama. Basi mie nikibeba mawe kwenye kanga, yeye akiyarundika pembeni, mpaka ngazi ikawa safi kama ua lililofagiwa. Wanawake wa ngazi za chini walisimama kututazama, midomo wameifumba wasicheke. Mama akidhani ni wivu.

Joto lilipokuja, udongo ukapasuka, upepo ukauchukua, na maji ya falaji, ule mfereji wa kumwagilia, yakawa yanapita tu kama mgeni asiyekaribishwa. Majani yakajikunja. Hapo jirani yetu Bi Salha akashindwa kunyamaza, akapanda kwetu anahema.

"We Zuwena, nani kakwambia umvue nguo mgonjwa?"

"Mawe ndiyo nguo?"

"Ndiyo blanketi, ndiyo mwavuli, ndiyo mtungi wake wa maji! Hebu weka mkono."

Ilikuwa magharibi, baridi ya mlimani imeshaanza kushuka. Mama akaweka mkono juu ya jiwe moja lililobaki ukutani, na mie nikaweka wangu. Lilikuwa moto kama mkate. Bi Salha akaligeuza. Chini yake udongo umelowa.

Mama akajifunga kanga kiunoni. Akainama, akaanza kuyarudisha. Analia na kubeba, anabeba na kulia, na mie nimenuna, maana mgongo uliokwisha kuyatoa ulikuwa wangu.

Zabibu za mwaka ule zilitoka chache, ndogo kama mbaazi, ngozi ngumu. Tukaziponda, tukatia mtungini, tukafunga kitambaa. Wakati inatoa povu mama alitukataza hata kunusa, kwani hapo katikati si siki bado, ni kitu kingine, na nyinyi mnakijua. Ilipotulia, ami akaja, akachovya kipande cha papa mkavu, akatafuna. Akachovya tena. Na tena.

"Ami, unaonja au unakula?" mama akauliza, mikono kiunoni.

"Ngazi yako," akasema, mdomo umejaa. "Lakini mtungi huu naondoka nao."

Miaka mingi nilidhani mama siku ile alilia kwa uchovu. Nishakuwa bibi ndipo nikaelewa. Hakuwa akisafisha shamba yule. Alikuwa akijitengenezea Unguja juu ya jabali, na siku alipoyarudisha mawe ndiyo siku aliyohama kweli. Ngazi ile mpaka leo yetu, na chupa ya Thureya imetoka huko huko.

Naye sasa kapanda mzabibu uani, kwenye mchanga huu wa Sib, na wallahi umetoa majani. Leo asubuhi nimemkuta anaokota vijiwe shinani mwake, anavitupa nje ya ukuta, ua upendeze. Sikumgombeza. Nimevaa ndara zangu, nikatoka nje kuvifuata.